Maji ya Tundu la Chombo Hayalingani na Hesabu: Dalili, Sababu na Marekebisho

Jaribio lenyewe ni la kawaida sana. Chombo kimejazwa maji, kimetobolewa tundu ubavuni, na mtu anataka kujua maji yanatoka kwa kasi gani. Anachukua mlinganyo wa Bernoulli, yaani kanuni inayounganisha shinikizo, kasi na kimo cha maji yanayotiririka, anaandika upande mmoja hali ya maji pale juu ya uso na upande wa pili hali ya maji pale yanapotoka, kisha anafuta vinavyolingana. Shinikizo la hewa liko pande zote mbili, kwa hiyo linajifuta. Kasi ya uso wa maji ni ndogo mno, kwa hiyo inaachwa. Kinachobaki ni v = √(2gh), ambapo g ni mchapuko wa uvutano wa dunia, takriban 9.8 kwa mita na sekunde, na h ni kina cha maji kutoka usoni hadi kwenye kitovu cha tundu. Mwanafizikia wa Italia, Torricelli, alichapisha kanuni hii mwaka 1644, miaka 94 kabla ya Bernoulli kutoa kitabu chake mwaka 1738, na tangu wakati huo haijabadilika.

Hata hivyo malalamiko ni yaleyale kila muhula: vipimo havikubaliani na hesabu. Katika matukio mengi mlinganyo hauna kosa, bali mpimaji amepima kitu kingine na kukiita kasi. Nitatumia chombo kimoja cha mfano ili tarakimu zisipotee njiani: pipa dogo la plastiki lenye kuta wima, kipenyo cha ndani sentimita 28, tundu la milimita 4 lililotobolewa kwa keekee, maji yakiwa sentimita 30 juu ya kitovu cha tundu, na tundu likiwa sentimita 50 juu ya sakafu. Kwa mlinganyo, kasi yake ni √(2 × 9.8 × 0.30), yaani mita 2.42 kwa sekunde.

Dalili: jibu la kwenye karatasi halina maana hata kabla ya kumwaga maji

Ikiwa umepata 24.2 badala ya 2.42, umeingiza kina kwa sentimita huku g ikiwa kwa mita. Kosa hili hujitambulisha lenyewe, kwa sababu kipeuo cha pili cha 100 ni 10, na jibu huwa kubwa mara kumi kamili. Ikiwa kasi ni sahihi lakini kiasi cha maji kwa sekunde ni kikubwa mara nne, umetumia kipenyo mahali pa nusu kipenyo wakati wa kutafuta eneo la tundu. Ikiwa kikokotoo kinakataa kutoa kipeuo, umegeuza alama za kimo cha uso na kimo cha tundu, ukapata namba hasi.

Wapo pia wanaohangaika na mambo yasiyo na athari. Densiti ya maji inajifuta katika mlinganyo, kwa hiyo maji ya chumvi na maji baridi hutoka kwa kasi ileile kwa kina kilekile. Urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari nao haubadilishi kitu kupitia shinikizo la hewa: jaribio la Mombasa na la Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hutoa jibu moja ilimradi chombo kiwe wazi. Hata thamani ya g, ambayo karibu na ikweta ni takriban 9.78 badala ya 9.81, huibadilisha kasi kwa chini ya asilimia 0.2. Kipimo chako cha rula kina kosa kubwa kuliko hilo.

Dalili: kasi iliyopatikana kwa kukinga maji ni pungufu kwa zaidi ya theluthi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Mwanafunzi anakinga nusu lita ya maji kutoka kwenye pipa letu, saa inaonyesha sekunde 26 na nusu, anagawanya kwa eneo la tundu, na anapata mita 1.5 kwa sekunde. Mlinganyo ulimwahidi 2.42. Hapo huandika katika ripoti kwamba tofauti imesababishwa na msuguano, na mara nyingi mwalimu huweka alama ya vema. Wote wawili wamekosea.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kawaida, ni kwamba mkondo wa maji hunywea baada ya kutoka tunduni. Maji yaliyo karibu na ukuta hulifikia tundu kutoka pembeni, hayawezi kukata kona ghafla, na kwa hiyo huendelea kusogea kuelekea katikati hata baada ya kuvuka ukingo. Kwa tundu lenye ukingo mkali, eneo la mkondo ulionywea ni takriban 0.62 ya eneo la tundu. Tundu letu la milimita 4 linatoa mkondo wa milimita 3.15 hivi. Tofauti hii inaonekana kwa macho: weka taa ya tochi nyuma ya mkondo, sogeza uso wako karibu na pipa, na utaona shingo ya maji ikisinyaa umbali wa nusu kipenyo tu kutoka tunduni, kisha ikiendelea laini kama fimbo ya kioo. Ukigawanya kiasi cha maji kwa eneo la shingo hiyo badala ya eneo la tundu, kasi inarudi karibu na 2.4. Msuguano umechangia asilimia 2 au 3 tu.

Ukaguzi rahisi ni kugawanya kasi uliyoipata kwa kasi ya mlinganyo. Ukipata kati ya 0.60 na 0.63, chombo chako ni kizima na tundu lako ni safi. Ukipata pungufu zaidi, kwa mfano 0.5, shuku sababu ya pili: namna tundu lilivyotobolewa. Msumari wa moto, ambao ndio kifaa cha shule nyingi, huyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ikawa kama kola ndogo. Maji sasa yanalazimika kugeuka zaidi kabla ya kuingia, na uwiano hushuka kuelekea 0.5. Pitisha kidole ndani ya chombo. Ukihisi mdomo ulioinuka, ukate kwa wembe na usugue kwa msasa laini, au tupa kipande hicho na utoboe kingine kwa biti kali ya keekee. Ukipata uwiano mkubwa, kama 0.8, pengine ukuta ni mnene au umechomeka kipande cha mrija tunduni, jambo nitakalolirudia chini.

Sababu ya tatu ni kipenyo chenyewe. Tundu la milimita 4 lililopimwa kwa rula linaweza kuwa 3.5, na kosa hilo pekee hupunguza eneo kwa karibu robo. Pima kwa kalipa, au ingiza mashina ya biti za keekee zenye vipenyo vinavyojulikana mpaka mmoja ukae bila kucheza.

Dalili: maji hayafiki mahali yanapotarajiwa sakafuni

Kama lengo ni kasi na si kiasi, ni afadhali kupima mruko wa maji kuliko kuyakinga. Mkondo uliotoka mlalo hufika umbali x = 2√(hy), ambapo y ni kimo cha tundu kutoka sakafuni. Tazama kwamba g imetoweka kabisa. Eneo la tundu nalo halimo. Kwa pipa letu x ni sentimita 77.5, na ukipata 75 au 76 umefanya kazi nzuri.

Ukipata pungufu ya hapo, anza kwa kuuliza h imepimwa kutoka wapi. Wengi hupima kina chote cha maji hadi kitako cha chombo. Pipa letu lina sentimita 5 za maji chini ya tundu, na anayezijumlisha hupata kasi ya 2.62 ambayo maji hayajawahi kuwa nayo. Kisha uliza ni lini kina kilipimwa. Uso wa pipa hili unashuka karibu sentimita 1.8 kila dakika, kwa hiyo anayepima kina, akafungua tundu, akatafuta rula kwa dakika moja ndipo akapima mruko, amekwisha kupoteza sentimita 2 na nusu za mruko. Kwa chupa ya lita moja na nusu hali ni mbaya zaidi, maana tundu la milimita 4 hushusha uso wake karibu milimita 3 kila sekunde. Kwa chupa, ama tumia tundu la milimita 2 au 3, ama mtu wa pili aongeze maji polepole kwa jagi ili uso ubaki kwenye alama ya wino.

Baada ya hayo kagua mwelekeo wa tundu. Tundu lililoinama nyuzi 5 kuelekea chini linapunguza mruko wa pipa letu kutoka sentimita 77.5 hadi 72. Lililoinuka nyuzi 5 linaupeleka zaidi ya 82. Ndoo za kawaida zina kuta zilizolala kidogo, kwa hiyo tundu lililotobolewa sawasawa na ukuta huelekea chini. Weka pimamaji juu ya meza, na tumia timazi kutoka kwenye tundu hadi sakafuni ili ujue mwanzo wa kupimia. Usianze kupimia kwenye ubavu wa stuli inayobeba pipa. Niliwahi kupoteza alasiri nzima nikitafuta kosa la sentimita 4, na lilikuwa stuli yenye mguu mmoja mfupi.

Dalili: chupa ya matundu matatu inakataa kufuata mchoro wa kitabu

Michoro mingi ya vitabu vya shule huonyesha chupa iliyosimama mezani, tundu la chini likirusha maji mbali kuliko yote. Mtu anatoboa, anajaza, na kuona tundu la katikati ndilo linaloshinda. Anadhani ametoboa vibaya. Hajatoboa vibaya, mchoro ndio uliochorwa bila kufanya jaribio.

Chukua chupa yenye maji hadi sentimita 24 juu ya meza, na matundu kwenye sentimita 6, 12 na 18. Tundu la juu lina h ya 6 na y ya 18, na linarusha sentimita 20.8. La chini lina h ya 18 na y ya 6, na linarusha sentimita 20.8 zilezile. La katikati linarusha 24. Tundu la chini kweli lina kasi kubwa kuliko yote, lakini maji yake yanagusa meza kabla hayajapata muda wa kwenda. Sasa inyanyue chupa hiyohiyo juu ya boksi la sentimita 30 lililo ukingoni mwa meza yenyewe, na upime maji yanapoangukia usawa wa meza ileile: la juu litafika 33.9, la katikati 44.9, na la chini 50.9. Mchoro wa kitabu umekuwa kweli bila kugusa chupa. Kwa hiyo marekebisho ya dalili hii si ya plastiki wala ya msumari, bali ni ya boksi.

Ikiwa baada ya kuinua bado mpangilio haueleweki, hakikisha matundu yote matatu yana kipenyo kimoja na ukingo safi, yamepishana kidogo kwa upande ili mikondo isigongane, na uso wa maji unabaki palepale wakati wa kupima yote.

Dalili: maji yanatambaa ubavuni badala ya kuruka

Hapa mvutano wa uso wa maji umeshinda kasi. Hutokea zaidi tundu likiwa dogo kuliko milimita 2, au maji yakibaki sentimita chache tu juu yake. Kausha ukuta chini ya tundu kwa kitambaa, upake mafuta kidogo ya kupikia, kisha fungua tundu ghafla kwa kuondoa kidole badala ya kubandua selotepu polepole. Ikiwa bado yanatambaa, ondoa vinyweleo vya plastiki vilivyobaki nje ya tundu. Vipimo vilivyochukuliwa maji yakiwa chini ya sentimita 3 juu ya tundu visitumike kwenye grafu.

Dalili: maji yanatoka kwa kugugumia, kisha yanasimama

Legeza mfuniko. Mara tisa katika kumi ndiyo dawa. Chombo kikiwa kimezibwa juu, shinikizo la hewa iliyonaswa ndani hushuka kadiri maji yanavyotoka, na pande mbili za mlinganyo hazina tena shinikizo moja la kufutwa. Maji husubiri pumzi ya hewa iingie kupitia tundu lilelile, ndipo yatoke tena.

Kwenye chupa ya matundu matatu iliyofungwa mfuniko hutokea jambo la kupendeza: tundu la juu huacha kutoa maji na kuanza kuvuta hewa, huku ya chini yakiendelea. Wakati huo h ya matundu ya chini haihesabiwi kutoka usoni, bali kutoka kwenye tundu linalovuta hewa, na kasi haibadiliki mpaka uso ushuke hadi hapo. Ni kanuni ya chupa ya Mariotte, na inafaa sana kwa anayetaka kasi isiyopungua bila msaidizi wa kumimina.

Onyo moja linahusu matangi ya bati au chuma chembamba. Usiyamwage yakiwa yamezibwa juu. Hewa ya nje hukandamiza kila mita moja ya mraba kwa uzito unaokaribia tani 10, na kutofautiana kidogo tu kwa ndani na nje kunaweza kulikunja tangi. Likianza kulia au kubonyea, funga koki ya chini, kaa mbali nalo, na mwite fundi aliyelifunga.

Dalili: chombo kinachukua muda mrefu mno kuisha

Anayegawanya ujazo kwa mtiririko wa kinadharia wa mwanzo huona kwamba maji ya pipa letu yangeshuka hadi usawa wa tundu kwa dakika 10. Ukweli ni karibu dakika 33. Sehemu ya kwanza ya tofauti ni kule kunywea kwa mkondo, kunakoifanya 10 kuwa 16. Sehemu ya pili ni kwamba kasi hupungua kadiri kina kinavyopungua, na kwa chombo chenye kuta wima hilo huongeza muda mara mbili kamili. Muda wa kushuka kutoka kina h₁ hadi h₂ ni (A / 0.62a) × √(2/g) × (√h₁ − √h₂), ambapo A ni eneo la chombo na a ni eneo la tundu. Simamisha saa kwenye kina cha sentimita 5, maana matone ya mwisho hayafuati kanuni yoyote. Kwa pipa letu hapo patakuwa kama dakika 19. Ikiwa chombo chako ni ndoo inayopanuka juu, A si moja, na mlinganyo huu hautakusaidia mpaka ugawe ndoo katika vipande.

Wengine hulaumu kasi ya uso wa maji iliyoachwa mwanzoni. Hata tundu lenye kipenyo nusu ya kipenyo cha chombo hubadilisha kasi kwa asilimia 3 tu. Acha kuilaumu.

Dalili: kasi au kiasi kinazidi mlinganyo

Kasi ikizidi, kuna shinikizo ambalo hukulihesabu: chupa laini inabanwa na mkono, mpira wa bomba umeachwa ukimimina kwa nguvu kuelekea tunduni, au maji yanatokea mwisho wa mrija ulioning'inia chini ya chombo, ambapo h inapaswa kupimwa hadi mdomo wa mrija. Kiasi kikizidi kile cha tundu tupu bila kasi kuzidi, tazama kama kuna mrija mfupi tunduni. Mrija wenye urefu wa mara mbili au tatu ya kipenyo chake huyaruhusu maji yaliyonywea kutanuka tena na kujaza mdomo, hivyo hutoa takriban 0.8 ya kiasi cha kinadharia badala ya 0.62, ingawa kasi yake ni ndogo kuliko ya tundu tupu.

Dalili: bomba la nyumbani halikaribii kabisa kasi ya mlinganyo

Tangi likiwa mita 6 juu ya bomba, mlinganyo unaahidi mita 10.8 kwa sekunde, na ndoo ya lita 20 ingejaa kwa sekunde 10 hadi 15 hivi kupitia bomba la nusu inchi. Hakuna anayeona hivyo, kwa sababu kati ya tangi na bomba kuna mita nyingi za mpira, viwiko na koki, na msuguano ambao kwenye tundu ulikuwa kitu kidogo sasa unakula karibu nguvu yote. Hakikisha kwanza koki zote zimefunguka hadi mwisho, kisha safisha chujio la mdomo wa bomba. Baadaye funga mabomba yote na usome geji ya shinikizo: mita 6 za maji zinapaswa kuonyesha kama kilopaskali 59. Ikisoma hivyo lakini maji hayaji, njia imeziba au ni nyembamba. Ikisoma pungufu, angalia maji yaliyomo tangini.

Usitoboe tangi la nyumba ili kufanya jaribio, wala usizibe kwa gundi tundu lililo chini ya tangi lililojaa ukiwa juu ya ngazi. Usitumie pipa lililowahi kubeba dawa za kilimo au tindikali, na msumari wa moto utumike nje penye upepo. Usitumie hesabu hizi kwenye chombo chenye shinikizo, kama hita ya maji. Humo maji hayasukumwi na kina pekee. Maji yakifika kwenye nyaya za pampu, zima swichi kuu bila kukanyaga penye unyevu na mwite fundi umeme. Na kama tangi la lita 5,000, ambalo likijaa lina tani 5 za maji, limeonyesha ufa, au nguzo za mnara wake zimeanza kuinama au kuchimbika chini, waondoe watu wote wanaokaa upande linakoweza kuangukia, usipande juu kupima chochote, na mtafute mhandisi wa majengo siku hiyohiyo.